Mtoto wa mlowezi kwa Wakomanche: riwaya nyingi zinaruka sura muhimu

Kazi yangu ni kuhariri riwaya za kihistoria, na kuna stori moja haiishi kunifikia mezani: mtoto wa kizungu anatekwa kule mpakani Texas, analelewa na Wakomanche, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, anakua, anaolewa, halafu siku moja wazungu wenzake wanakuja kumchukua kwa nguvu. Stori yenyewe tamu, na wala sio ya kutunga tu, iliwatokea watoto wengi kweli kabisa karne ya 19. Shida ni kwamba wanaoiandika wanaruka palepale penye nyama. Sura ya pili mtoto analia usiku kucha, sura ya tatu eti ameshakuwa Mkomanche, anapanda farasi bila tandiko na anajua kusoma nyayo za wanyama. Sasa jamani, hapo katikati kulitokea nini? Riwaya iko hapo.

Mi nashikilia hivi: kilichowageuza wale watoto hakikuwa uzuri wa mbuga wala macho ya kijana shujaa. Ilikuwa kazi waliyopewa, na baadaye nafasi waliyowekwa kwenye ukoo. Kazi kwanza, ukoo baadaye, mapenzi kama yapo yanafuata nyuma. Ukigeuza huo mpangilio unapata kitabu cha mahaba chenye manyoya kichwani.

Chukua Fort Parker, maana ndo kesi inayojulikana kuliko zote. Tarehe 19 Mei 1836, Wakomanche na washirika wao walivamia boma la familia ya Parker, karibu na chimbuko la mto Navasota. Wanaume watano waliuawa, wakachukuliwa watu watano: Elizabeth Kellogg ambaye ni mtu mzima, Rachel Plummer wa miaka 17 ambaye alikuwa mjamzito, mwanawe James Pratt ambaye hajafikisha hata miaka miwili, na watoto wawili wa ndugu, Cynthia Ann wa kama miaka 9 na mdogo wake John. Kwa mwandishi hii ni zawadi. Siku moja, uvamizi mmoja, halafu angalia walivyoishia. Kellogg alikombolewa ndani ya miezi. Rachel alikombolewa mwaka uliofuata, akarudi, akafa mapema 1839. John na James Pratt wakarudishwa miaka ya mwanzo ya 1840. Cynthia Ann akabaki miaka 24 na alipoondolewa aliondolewa kwa bunduki.

Kwanini yeye? Umri, kwa sehemu kubwa. Rachel alikuwa mke wa mtu, mama wa mtu, ana dini yake na kichwa chake kimeshakomaa, kila siku anahesabu siku za kurudi. Mtoto wa miaka 9 ana nguvu ya kufanya kazi ya maana lakini bado hajamaliza kuwa mtu fulani. Ukipitia kesi zinazojulikana vizuri utaona waliobadilika mpaka mwisho wengi walitekwa wakiwa kati ya miaka 7 hadi 13 hivi. Kwahiyo nikiona mswada ambao shujaa wake ametekwa akiwa binti wa miaka 19 na baada ya miezi sita ameshasahau kwao, narudisha.

Lakini msimdharau Rachel, kwa sababu yeye ndo anatupa kitu ambacho Cynthia Ann hakutuachia, yaani maelezo yake mwenyewe, yaliyochapishwa 1838 wakati kumbukumbu bado mbichi. Anaeleza kazi. Usiku anachunga farasi kwenye baridi, mchana anatengeneza ngozi za nyati wa kule, baisani, na kuna idadi anayotakiwa kuimaliza kila mwezi, akichelewa anabeba ngozi yake kwenda nayo machungani. Sasa usiandike tu "alitengeneza ngozi" ukapita. Ngozi mbichi ya baisani ni nzito, inawambwa chini kwa vigingi, unapiga magoti juu yake unakwangua nyama na mafuta kwa kwangulio la mfupa au chuma, ukimaliza upande huo kama ngozi itakuwa ya hema unageuza unakwangua manyoya, halafu unachukua ubongo wa mnyama mwenyewe unaupaka na kuusugua mpaka uingie, unaloweka, unavuta, unasugua tena mpaka ilainike. Siku na siku. Mikono inanuka, mgongo unakatika, na anayekusimamia ni mwanamke ambaye naye amefanya hivyohivyo tangu utotoni na haoni sababu ya kukuonea huruma.

Na kuna kisa chake kimoja ambacho kila mtu anayetaka kuandika hizi stori akisome mara kumi. Mtoto aliyemzaa akiwa utekwani walimuua, akiwa na wiki chache tu, kwa maelezo yake ni kwa sababu alikuwa anamchelewesha kazi. Baada ya hapo kifo hakikuwa kitu cha kumtisha tena. Siku moja yule binti wa nyumba aliyokuwa anaitumikia, aliyekuwa anamtesa, alitaka kumpiga, Rachel akagoma, wakakamatana, Rachel akaokota mfupa wa baisani akamtwanga nao kichwani. Wanaume wakakusanyika, wakapiga kelele, lakini hakuna aliyemgusa. Yeye mwenyewe alitegemea mkuki wa mgongo. Alipomshinda akamsaidia mpinzani wake kuinuka, akamuosha damu, na baadaye mzee mmoja akamwambia ameonyesha ujasiri na kuanzia hapo hatendewi kama zamani. Hebu ona kilichobadilika hapo: hajapendwa, hajaolewa, hajajifunza kuongea na mizimu. Amejulikana ni mtu wa aina gani kwa vipimo vya wale wanaomtazama. Sura moja ya hivi inazidi sura kumi za machweo.

Sasa kwanini Wakomanche walihangaika kulea watoto wa maadui zao? Hapa waandishi huwa wanaweka jibu la kiroho, eti moyo wa watu wa porini ni mkubwa. Moyo ulikuwepo, sikatai, lakini hesabu pia ilikuwepo. Walipigwa na ndui 1780 na 1781, wakapigwa tena na magonjwa mengine, halafu 1849 kikaja kipindupindu kilichosafiri na misururu ya watu wanaokimbilia dhahabu California. Vita havikuisha. Wakati huohuo walikuwa na makundi makubwa ya farasi na biashara ya ngozi ambayo inataka mikono, mikono, mikono. Mtoto aliyeingia ukooni alikuwa mtu mpya mahali pa mtu aliyekufa. Ndo maana mara nyingi unakuta mtoto anapewa mama ambaye amefiwa. Na sio wazungu tu, hili nalisisitiza kwa sababu riwaya zinalificha: mateka wengi kabisa wa Wakomanche walikuwa Wameksiko, waliochukuliwa kwenye misafara ya mashambulizi kusini mwa Rio Grande, yaani mto wa mpakani na Meksiko, na wengine walikua wakawa wapiganaji wa kuheshimika. Mtoto wa kizungu anayeingia kambini kwenye riwaya yako kuna uwezekano mkubwa atakutana na mateka mwenzake anayeongea Kihispania na aliyefika kabla yake. Huyo mhusika sijui kwanini hakuna anayemuandika!

Kwenye ukoo, sisi huku tuna faida fulani juu ya waandishi wa Ulaya na Marekani. Kwa Wakomanche dada wa mama naye ni mama, kaka wa baba naye ni baba, na watoto wao ni ndugu zako sio "binamu wa mbali". Mtu aliyekua na mama mkubwa, mama mdogo, baba mdogo, hahitaji kuelezewa. Maana yake kwenye riwaya ni kwamba mtoto akishachukuliwa na mama mmoja, kwa mara moja amepata kina mama wanne, kaka kumi, bibi wa kumsimulia hadithi, na kila mmoja ana haki ya kumtuma na wajibu wa kumlisha. Mtoto aliyetoka kwenye nyumba ya mbao ya peke yake huko shambani, jirani wa karibu ni mwendo mrefu, ghafla hana dakika ya upweke. Hilo linagusa mtoto kuliko farasi.

Kwa wavulana kazi ilikuwa farasi na mishale. Herman Lehmann, mtoto wa familia ya Kijerumani kule Loyal Valley, alichukuliwa Mei 1870 akiwa anakaribia miaka 11, na waliomchukua walikuwa Waapache, kabila jingine la wenyeji. Mwanzo alipigwa, akafungwa, akafanywa mtumishi. Baadaye akawa mpiganaji wao, ikatokea ugomvi akamuua mganga, akakimbia, akaishi peke yake porini muda mrefu, mwisho akajisalimisha kwa Wakomanche na wakampokea. Aliporudishwa kwa mama yake 1878 alikuwa hajui Kijerumani, hataki kulala kitandani, nyama ya nguruwe anaiona uchafu. Familia ilimvumilia, alioa, akaishi mpaka 1932, na hakuacha kujihesabu Mkomanche. Mwenzake Rudolph Fischer, naye wa Kijerumani, aliyechukuliwa 1865 karibu na Fredericksburg, alirudishwa nyumbani, akakaa kidogo, akaona hapana, akarudi zake kwa Wakomanche kwenye familia yake.

Kwa hao wawili "kuokolewa" ni neno gumu, na kwa Cynthia Ann ni gumu zaidi. Tayari 1846 maofisa wa Marekani walikuwa wameripoti kwamba yupo na hataki kuondoka. Alikuwa anaitwa Naduah, mke wa Peta Nocona, mama wa Quanah, Pecos na binti mdogo Topsannah. Desemba 1860 kikosi cha Texas Rangers, yaani walinzi wa mpaka wa jimbo la Texas, chini ya Sul Ross pamoja na askari wa farasi wa serikali kilivamia kambi ndogo kando ya mto Pease. Ross alitangaza amemuua Peta Nocona na kuvunja nguvu ya Wakomanche. Quanah baadaye alikanusha kabisa kwamba baba yake alikuwepo pale, na wanahistoria waliochimba wanaona kambi ile ilikuwa zaidi ya wanawake wakiandaa nyama. Ross alikuja kuwa gavana wa Texas, kuanzia 1887, na umaarufu wa Pease ulimsaidia. Kwahiyo mwandishi mpendwa, ukiiandika vita ile kama mpambano wa majemedari wawili, ujue umeandika kampeni ya uchaguzi ya mtu.

Kilichofuata hakina shangwe. Ami yake Isaac Parker alikuja kumtambua. Bunge la Texas likampa dola 100 kwa mwaka kwa miaka mitano pamoja na ekari 4,428 za ardhi, mtu ambaye alichotaka ni farasi wa kuondokea. Alijaribu kutoroka. Kuna picha iliyopigwa Fort Worth kipindi hicho, anamnyonyesha Topsannah, nywele zimekatwa fupi, na kukata nywele kwa Mkomanche ni alama ya msiba. Watu walioitazama ile picha wakati ule waliona mwanamke aliyerudi kwao! Alihamishwa toka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine, Topsannah akafa kwa maradhi miaka michache baadaye, na yeye akafuata mwanzoni mwa miaka ya 1870 bila kuwaona tena wale wavulana. Mswada unaomalizika pale mto Pease na ndugu kukumbatiana umekatwa nusu.

Halafu msije mkaniambia nawasafisha Wakomanche. Nimetaja mtoto wa Rachel. Wanawake watu wazima walibakwa, wengine waliteswa, na mateka wengine hawakuwahi kuingia ukooni, walibaki watumwa au bidhaa ya kuuzwa kwa wafanyabiashara wa New Mexico. Mwandishi anayefuta hayo anadanganya sawasawa na yule anayewaandika kama fisi wa miguu miwili. Lakini upande wa pili uwekwe pia: boma la Parker lilijengwa ukingoni kabisa mwa nchi ya watu wengine, na Septemba 1874 kanali Mackenzie wa jeshi la Marekani alipovamia korongo la Palo Duro kule Texas aliamuru farasi zaidi ya 1,000 wa Wakomanche na wenzao wapigwe risasi. Bila farasi hakuna kuwinda. Quanah, yule mtoto wa Cynthia Ann, alijisalimisha kwenye ngome ya jeshi ya Fort Sill mwaka uliofuata.

Kama mtu ananiuliza ni stori gani ya utekwani haijaandikwa inavyostahili, namtajia Britt Johnson. Mtu mweusi, kisheria bado mtumwa Texas, Oktoba 1864 Wakomanche na washirika wao Wakiowa walivamia Elm Creek wakamuua mwanawe na kumchukua mkewe na watoto. Alikwenda mwenyewe kuwatafuta, na 1865 walirudi. Alikuja kuuawa na Wakiowa 1871 akiwa kwenye kazi ya kusafirisha mizigo kwa magari ya farasi. Hebu fikiria mtu anayekwenda kukomboa familia yake kutoka utekwani wakati yeye mwenyewe ni mali ya mtu, halafu niambie kwanini bado tunaletewa binti mwenye nywele za dhahabu kwenye kila jalada.

Kwa anayetaka kuanza kuandika: anza na Rachel, kisha kumbukumbu za Lehmann, ila zisome kwa tahadhari maana zilitoka 1927 akiwa mzee na kuna mtu alimsaidia kuziweka kwenye maandishi. Na Wakomanche hawajaisha, taifa lao lipo Oklahoma, wana makumbusho yao pale Lawton. Ukitaka kujua ngozi inawambwaje au mtoto anaitwaje na bibi yake, kuna watu wa kuulizwa, kabla hujanitumia mswada.