Je, wajua kwa nini pampu ya joto inakula uniti moja ya umeme halafu inatoa joto la uniti nne?

Hili swali niliwahi kulijibu vibaya kabisa na jibu langu likamtia mamdogo wangu hasara, kwa hiyo leo nalijibu taratibu, maana nasikia watu wengi wanaambiana yale yale niliyomwambia yeye.

Mamdogo anakaa Mbezi Beach, ana jakuzi (beseni kubwa la kukaa kwenye maji ya moto) ya lita kama elfu moja nyuma ya nyumba, jioni anapenda kukaa humo kwa ajili ya mgongo. Alikuwa anachagua kati ya hita ya kawaida ya kilowati 3, ile yenye koili inayopata moto ndani ya bomba, na pampu ya joto, ambayo ukiiona utadhani ni AC ile ya nje, boksi lenye feni. Ubavuni ina stika: COP 5, hiyo COP ni uniti za joto zinazotoka kwa kila uniti moja ya umeme. Akanipigia, "Baba, muuzaji anasema hii ikila uniti moja inatoa joto la uniti tano, ni kweli?" Nikamwambia mamdogo achana nao, hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachokula, shule tulifundishwa nishati haiumbwi wala haiharibiwi. Akaniamini, akanunua hita.

Baada ya hapo akiweka umeme wa elfu kumi, siku ya tatu asubuhi LUKU inalia na taa nyekundu inawaka.

Sasa ile sheria ya nishati niliyomtajia ni ya kweli, na pampu ya joto haiivunji hata kidogo. Kosa langu lilikuwa kudhani kila joto linaloingia kwenye maji lazima liwe limetoka kwenye waya wa umeme. Kwa hita ndivyo ilivyo, uniti moja inageuka joto la uniti moja, basi. Ila pampu haitengenezi joto, inalibeba. Fikiria umeshuka Kariakoo una elfu mbili mkononi. Unaweza kununua mchele wa elfu mbili, ukaondoka na kamfuko. Au una gunia lako tayari liko kwenye fuso, hiyo elfu mbili unampa kuli akubebee mpaka mlangoni, na mlangoni linafika gunia zima. Hakuna atakayesema elfu mbili imegeuka gunia, gunia lilikuwepo, hela imelipia kubeba. Hita ndo yule wa kwanza, pampu ndo kuli. Na gunia lenyewe ni hewa ya Dar, hii hii inayotutoa jasho kwenye daladala.

Hapo wengi wanauliza swali ambalo na mimi nililiuliza: hewa ina nyuzi 30, maji nayataka yafike 38, unachotaje joto kwenye kitu cha baridi zaidi ukapeleke kwenye cha moto zaidi? Kwenda lenyewe haliendi, kweli. Lakini gusa nyuma ya friji lako. Kule kuna joto, na sehemu yake kubwa imetolewa ndani, kwenye samaki na maji ya kunywa. Simama nyuma ya AC ya nje saa nane mchana, ule upepo wa moto unaokupiga usoni umebeba joto la chumbani. Kwa hiyo hii kazi tunaiona kila siku, tumeizoea tu mpaka hatuiulizi.

Aliyenifungua macho ni fundi AC mmoja, na alitumia tambara la deki. Alilichovya kwenye ndoo limelegea, likanywa maji. Akalihamishia juu ya ndoo nyingine, akalikamua, maji yakatoka. Akaniuliza, mikono yangu imetengeneza maji? Haijatengeneza, imekamua tu. Ndani ya pampu tambara ni gesi inayozunguka kwenye mabomba yake, na kinachokamua ni kompresa.

Gesi kama R32 ukiiachia wazi inachemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri. Ndani ya mashine, upande wa feni, inalegezwa presha kiasi kwamba inachemka kwenye nyuzi kama 15 hivi. Kwa kitu kinachochemka kwenye nyuzi 15, hewa ya nyuzi 30 ni jiko! Inachemka, na kuchemka kunahitaji joto, kwa hiyo inalinywa kutoka kwenye hewa (ndo maana upepo unaotoka kwenye feni ya hii mashine ni wa baridi, kinyume cha ile AC ya nje). Kisha kompresa inaikandamiza. Kama umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono unajua pale chini panapata moto, ni jambo lile lile, kitu kilichobanwa kinapanda joto. Sasa gesi imepita nyuzi 50 na zaidi, inapitishwa jirani na maji ya jakuzi ya nyuzi 38, safari hii maji ndo ya baridi, joto linahamia kwenye maji lenyewe bila kulazimishwa na gesi inarudi kuwa kimiminika. Inapita kwenye valvu nyembamba, presha inashuka, inapoa, tambara limelegea tena, mzunguko unaanza upya. Na ile uniti moja ya kompresa haipotei, nyingi yake nayo inaishia kwenye maji, kwa hiyo uniti tatu za hewani jumlisha moja ya LUKU, nne.

Hapo ndo linakuja kosa la pili, watu kudhani hii ni mashine ya Ulaya, kwetu haifai. Ni kweli wazo ni la kwao, mwanasayansi Lord Kelvin alilieleza mwaka 1852, na jengo la halmashauri ya mji wa Zurich, Uswisi, lilifungwa pampu mwaka 1938 ikavuta joto mtoni. Ila kuli anatoza kwa ngazi. Kutoa joto kwenye hewa ya nyuzi 0 ukapandisha mpaka 38 ni kupanda ghorofa ndefu. Kutoka nyuzi 28 za Dar mpaka 38 ni ghorofa fupi sana. Kwetu mzigo ule ule unabebwa kwa umeme pungufu!

Ngazi hizo hizo ndo sababu ya kutoichukua stika kama ahadi. Namba ya COP kwa kawaida inapimwa kwa mazingira ya bwawa la kuogelea, hewa nyuzi 27 na maji nyuzi 26 au 27. Jakuzi ni 38 mpaka 40 (usizidishe 40, kwa mwili si salama), kwa hiyo namba lazima ishuke. Muulize muuzaji COP kwenye maji ya 38. Mi kwa mamdogo nilipigia hesabu ya COP 4: kupandisha lita 1,000 kutoka 28 hadi 38 kunataka joto la uniti kama 11.6. Kwa tarifa ya kawaida ya nyumbani elfu kumi inatoa uniti kama 28, kwa hiyo hita inakula zaidi ya elfu nne kwa jioni moja, pampu karibu elfu moja. Ila pampu yenyewe bei yake ni mara kadhaa ya hita, na kama jakuzi unaitumia mara moja kwa mwezi, nunua hita tu, sikufichi.

Kingine, angalia pale gesi na maji vinapopeana joto pawe pa titaniamu, klorini na chumvi ya visima vyetu vinatafuna shaba. Koili ya nje iwe na rangi ya kuzuia kutu kwa sababu ya upepo wa bahari. Usiifungie stoo, itavuta upepo wake wenyewe uliopoa na ngazi zitaongezeka. Na nunua mfuniko wa jakuzi kabla ya kubishana kuhusu COP, maana kila lita inayoondoka kama mvuke inachukua joto la karibu theluthi mbili za uniti.

Mamdogo sasa ana pampu. Wiki ya kwanza alinipigia ana wasiwasi, mashine inavuja. Nilienda, nikakuta maji masafi yanadondoka tone tone chini ya boksi. Haivuji, ni unyevu wa hewa ya pwani unaogeuka matone ya maji kwenye koili ya baridi, na ule mvuke ukigeuka maji unaliachia joto lake kwa gesi, theluthi mbili zile zile za uniti kwa kila lita, zinaenda kwenye jakuzi. Amekingia ndoo, jioni anamwagilia mchaichai.