Meno ya farasi hayana tarehe ya kuzaliwa

Ukienda kununua farasi Nairobi, hutakosa mtu wa kukufunulia mdomo wa mnyama na kutamka: “Huyu ana miaka 12.” Wengi huamini meno husema umri kamili. Si hivyo.

Kwa farasi mdogo, sawa. Meno ya utoto ya mbele hung’oka kwa zamu: ya katikati kwenye miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Akifika miaka 5 ana seti nzima ya ukubwani.

Baada ya hapo ni kusoma jinsi meno yalivyosagika, na hapo ndipo wanunuzi hupigwa. Malisho yenye mchanga husaga jino haraka. Farasi anayeng’ata mbao za zizi huharibu meno ya mbele hadi aonekane mzee. Yule wa Kiarabu meno yake huelekea kusagika polepole, kwa hiyo huonekana kijana kuliko alivyo (muuzaji hatakwambia hilo). Kuna mfereji mdogo wa kahawia kwenye jino la juu la pembeni, unaosemwa kuchomoza miaka 10, lakini nao hukosea kwa miaka kadhaa.

Farasi wa mbio huandikishwa tangu utotoni, basi dai karatasi zake, ulinganishe alama za paji la uso na za miguu yake na zile zilizoandikwa humo. Kwa asiye na karatasi, mlipe daktari wa mifugo wako, si wa muuzaji, na ukubali jibu kama “kati ya 10 na 15.”