Matangi Yakifukuliwa, Maji ya Kisima Bado Yanahitaji Kupimwa
Wapo wakazi wa Dar es Salaam wanaoamini kwamba sheli ikishavunjwa na matangi yake kufukuliwa, kisima cha jirani ni salama mradi maji yake hayanuki. Imani hiyo si sahihi. Petroli iliyovuja hubaki imenata kwenye mchanga kwa miaka mingi, na usawa wa maji ya ardhini unapopanda wakati wa masika, maji huyafikia mabaki hayo na kuyeyusha benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiwango ambacho pua haiwezi kukitambua. Ndoo ya maji maangavu kabisa yaweza kuwa imekipita.

Ndiyo maana huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, kimoja upande maji yanakotoka na vingine yanakoelekea, kisha sampuli huchukuliwa masika na kiangazi katika chupa ndogo zinazojazwa hadi mdomoni, pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa, kwa sababu benzeni hutoroka upesi. Kipimo kimoja safi cha kiangazi, kwa maoni yangu, hakitoshi kabisa kuwaruhusu watu wanywe.