Filamu kuwa na kina maana yake nini

Filamu ina kina pale tukio linapomwachia mhusika kitu baada ya kupita: uamuzi ambao hawezi kuurudisha, hasara anayoishi nayo, au swali ambalo hata mtazamaji anatoka nalo. Maana ni hiyo tu. Kazi iko kwenye kuwatoa watu kwenye imani kwamba kina ni kinyume cha mapigano.

Mtwara mabishano haya yanafufuka kila hadithi kongwe ya sayansi ya kubuni inapoanzishwa upya, yaani watengenezaji wanapoacha kuendeleza pale ilipoishia, wakarudi mwanzo na wahusika walewale wakiwa na sura mpya. Mmoja atasema, "Wameiharibu, mapigano matupu, haina kina." Mwenzake atamjibu, "Sasa mjomba, ulitaka wakae saa mbili wanaongea tu?" Wanadhani wanapingana, kumbe wote wawili wameshakubaliana kwamba filamu lazima ichague kimoja. Hata ukienda kujaziwa flashi, muuzaji anakuuliza kabla hajaichomeka: unataka za mapigano au za maneno?

Bandari ya Mtwara inasifika kwa kina chake cha asili, na hakuna nahodha anayekipima kwa kutazama kama bahari imechafuka au imetulia.

Chukua Star Trek ya mwaka 2009, filamu ya wasafiri wa anga iliyoongozwa na J.J. Abrams. Wapenzi wengi wa tamthilia ya televisheni ya mwaka 1966 ya Gene Roddenberry, ambayo filamu hii iliianzisha upya, waliilaumu kwamba imekuwa ya mbio na milipuko. Lakini ugomvi huu una umri mkubwa kuliko tamthilia yenyewe. Kipindi cha kwanza cha majaribio kilikataliwa na televisheni ya NBC kwa maelezo kwamba kinafikirisha mno. Kikatengenezwa cha pili, ambacho mwisho wake nahodha anapigana ngumi na rafiki yake wa siku nyingi aliyepata nguvu za kutisha. Hicho ndicho kilichokubaliwa. Na ngumi zile hazikuwa za kujaza muda, kwa sababu anayepigwa ni mtu ambaye nahodha alikuwa anatafuta kila njia asimuue.

Sasa tazama mwanzo wa hiyo ya 2009. Meli ya anga inashambuliwa, nahodha wake anauawa, na George Kirk anashika usukani. Mitambo ya kujiendesha imeharibika, kwa hiyo lazima mtu abaki aiongoze meli hadi imgonge adui, ili wengine wapate nafasi ya kukimbia. Mke wake yuko kwenye chombo cha kuokolea watu, anajifungua. Wanaongea kwa redio. George anauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, wanakubaliana jina, Jim, kisha meli inagonga. Kuna milipuko kila upande, na ndilo tukio lenye kina kuliko yote katika filamu ile. Ukiliondoa, Jim Kirk, mtoto huyo ambaye ndiye nahodha wa hadithi nzima, anakuwa kijana mkorofi asiye na sababu. (Tafadhali litazame bila tafsiri ya kusimuliwa angalau mara moja. Kelele za vita zinapunguzwa makusudi tusikie sauti za watu wawili, na msimulizi akijaza pale maneno yake, tukio limekwisha.)

Baadaye Jim Kirk anatupwa kwenye sayari ya barafu. Mnyama anamfukuza, anatokea mkubwa zaidi anamwondoa yule wa kwanza, naye anamfukuza hadi pangoni. Mnyama yule akiondolewa, Kirk akaingia pangoni kwa kukimbia baridi, hakuna kinachobadilika. Hapo lawama ni ya haki.

Na utulivu nao usitudanganye. Filamu ya kwanza ya Star Trek, ya mwaka 1979, ina sehemu ndefu ambapo kamera inaizunguka meli taratibu, dakika baada ya dakika, na muziki wake. Ni picha nzuri sana, naipenda. Ila urefu ule haumwongezei Kirk uamuzi wowote mgumu, na mtu akiniambia pale ndipo penye kina kwa sababu hapana risasi, siwezi kukubali.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kuanzia Shangani hadi Chikongola, mkitaka kusema filamu iliyoanzishwa upya haina kina, msihesabu milipuko. Tajeni tukio lenyewe, halafu mseme limembadilisha nani na limemgharimu nini. Katika hii ya 2009 kina kipo kwa George Kirk, na kipo Spock, mwenzake Jim kwenye meli, anapompoteza mama yake wakati sayari yao ya Vulcan inaporomoka. Kwenye barafu, kwa yule mnyama, ndipo kinapokosekana.