Kubadilisha nywila pekee hakutoshi

Kampuni ikitangaza kwamba taarifa za wateja wake zimevuja, wengi wetu hubadilisha nywila na kuona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Nywila hubadilika, tarehe yako ya kuzaliwa haibadiliki. Data za Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, zilipoibwa mwaka 2017, watu wapatao milioni 147 waliguswa, na namba zao za hifadhi ya jamii, ambazo huko hutumika kumtambulisha mtu, zilikuwa miongoni mwa vilivyochukuliwa. Namba kama hizo humfaa tapeli hata miaka mingi baadaye.

Hatari ninayoiogopa zaidi huja kwa simu. Mtu anakupigia, anakuita kwa jina lako kamili, anakusomea tarakimu nne za mwisho za kadi yako, kisha anasema kwa upole: "Kuna mtu anajaribu kutoa pesa zako. Nitajie namba iliyoingia sasa hivi kwenye ujumbe ili tumzuie." Unamwamini kwa sababu anakujua. Lakini kukujua si ushahidi kwamba anatoka benki; hayo yote aliyasoma kwenye data zilizovuja, na namba anayoiomba ndiyo kitu pekee alichokosa. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Nywila ibadilishe, ndiyo, tena kwenye kila akaunti ulikoitumia, ukianza na barua pepe, maana humo ndimo hupitia maombi ya kubadilisha nywila nyingine. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai uthibitisho wa pili baada ya nywila. Na endelea kukagua miamala yako, hata ile midogo: wezi huijaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kuikomba.