Bei ya LNG huamuliwa na meli iliyokosekana

Tangu visima vya mafuta vya Buliisa na Hoima vianze kutajwa kila siku, kuna swali nimezoea kuulizwa, kuanzia kwa madereva wa njia ya Malaba hadi kwa wauza mitungi wa Kampala: Watanzania wanapanga kuuza LNG, yaani gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika, sisi Waganda tunangoja nini?

Hatungoji kitu. Gesi ya kutosha hatuna. Ile ya Bonde la Albertine nyingi hutoka pamoja na mafuta, tena ni kidogo. Kazi yake itakuwa kuendesha mitambo ya hukohuko na kutoa gesi ya kupikia. Na gesi ya kupikia si LNG. Mtungi wako una propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu. LNG ni methani, nayo haikubali mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikishapoa hivyo, ujazo wake hunywea kama mara 600, na hapo ndipo inapokuwa na maana kuipakia melini.

Kwa hiyo ukisikia LNG imepanda bei Ulaya, usikimbilie kumlaumu muuza mitungi. Muulize muuza mbolea. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, na mwaka 2022 wenye mashamba ya miwa Busoga na chai Fort Portal waliiona bei yake bila kuambiwa na mtaalamu yeyote.

Dunia nzima huuziana kama tani milioni 400 za LNG kwa mwaka. Marekani, Qatar na Australia hutoa zaidi ya nusu. China, Japani, Korea Kusini na India ni wanunuzi wakubwa wa siku zote, na tangu 2022 Ulaya imeingia sokoni kwa kishindo. Si kiasi hicho kinachonikosesha usingizi. Ni mwendo wake. Mtambo wa kusindika gesi iwe kimiminika hugharimu mabilioni ya dola, na tangu wenye fedha watie saini uamuzi wa mwisho wa uwekezaji hadi shehena ya kwanza kuondoka hupita miaka minne au mitano, mambo yakienda vizuri. Ukishawaka huendeshwa karibu na kikomo chake muda wote, kwa sababu deni halilali. Bei ikipaa leo, hakuna mwenye koki ya ziada ya kufungua. Naye mtu wa Seoul anayetetemeka Januari hazimi kipasha joto eti shehena imepanda. Bei ya shehena haijui kabisa.

Kuweka akiba nako kuna mipaka. Ndani ya meli, gesi hugeuka mvuke kidogo kidogo, karibu asilimia 0.1 ya shehena kwa siku hata katika meli nzuri. Mwenye meli ni kama mwenye lori la matoke lililotoka Mbarara: anaweza kuzungukazunguka akitafuta soko zuri zaidi, lakini mzigo unamhesabia saa.

Ndiyo maana upungufu mdogo huleta bei kubwa. Juni 2022 mtambo mmoja wa LNG wa Freeport, Texas, ulipata mlipuko na kufungwa hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Tazama kilichotokea: gesi ikashuka bei Marekani, ikapanda Ulaya, kwa habari ileile. Upande mmoja gesi ilikosa mlango wa kutokea, upande wa pili meli hazikufika. Anayesema kuna "bei ya gesi ya dunia" kama ilivyo ya mafuta anarahisisha mno.

Tupige hesabu ya meli moja. Meli ya kawaida ya siku hizi ina nafasi ya mita za ujazo 174,000. Soko hupima gesi kwa joto lake: kipimo kimoja ni BTU milioni moja, na shehena hiyo hutoa kama vipimo milioni 3.7. Kipimo kikiuzwa dola 10, shehena ni dola milioni 37. Agosti 2022, Urusi ikiwa imebana bomba za kwenda Ulaya, bei ya Asia ilikaribia dola 70. Shehena ileile, karibu dola milioni 260.

Mwenye mkataba wa miaka 15 au 20, ambao bei yake hufuata bei ya mafuta ghafi, hakulipa kiasi hicho. Aliyeumia ni aliyekuwa ananunua papo kwa papo bila mkataba wa muda mrefu, na yule ambaye mkataba wake ulikuwa na faini nyepesi ya kutoleta gesi, kwani muuzaji angeweza kulipa faini, akapeleka meli kwingine na bado akabaki na faida. Julai 2022 Pakistan ilitangaza zabuni ya shehena kumi, hakuna aliyejitokeza. Bangladesh ikaacha kununua papo kwa papo na umeme ukawa wa mgawo. Ulaya ilijaza maghala yake, ndiyo, na ikasaidiwa sana na China iliyokuwa bado imefungiana kwa sababu ya Uviko, mahitaji yake yakiwa yameshuka. Magazeti yaliandika kuhusu ustadi wa Ulaya. Mimi naona mfuko mnene na bahati.

Kinachosahaulika ni kilichofuata. Pakistan haikukaa ikisubiri bei ishuke. Mwaka 2024 pekee iliingiza paneli za jua za uwezo wa karibu gigawati 17, watu wakazifunga juu ya nyumba na viwanda, na nchi ikajikuta inaiomba Qatar iahirishe baadhi ya shehena. Mteja aliyefukuzwa na bei hakurudi mzima. Wakati huohuo Qatar inapanua mitambo yake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kuelekea milioni 142 ifikapo 2030. Mradi wa LNG wa Tanzania kule Lindi, ambao umezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi, ukichelewa zaidi utaingia sokoni huku wengine wameshakaa mezani. Msumbiji angalau meli-mtambo yake ya Coral Sul, inayosindika gesi ikielea baharini, ilitoa shehena ya kwanza Novemba 2022.

Uganda tunaingilia wapi? Serikali zetu mbili zimekuwa zikizungumzia bomba la gesi kutoka Tanzania, na sababu mojawapo ni chuma cha Muko, kule Kigezi, ambacho kinahitaji nishati ya kuyeyushia. Hapo ndipo naomba wanaojadiliana wawe macho. Lindi ikishajengwa, kila futi ya gesi itakuwa na mteja wa pili Tokyo. Tuseme Asia inalipa dola 10: toa nauli ya meli, toa gharama ya kusindika, kisimani hubaki labda dola 3 au 4, na sisi tunaweza kushindana vizuri tu. Asia ikilipa 30, kisimani hubaki zaidi ya 20, na hakuna tanuru la Kabale litakaloimudu bei hiyo. Kwa hiyo bei ya gesi yetu isifungwe kwenye bei ya Asia, na faini ya kutoleta gesi iwe nzito kuliko tofauti ya bei ya mwaka mbaya kama 2022. Urefu wa bomba na kipenyo chake vinaweza kusubiri kikao kinachofuata.