Upepo mwingi haukupi mbio: yanayosemwa vibaya kuhusu baiskeli mpya ya graveli

"Jaza upepo, ikuwe nguvu kabisa." Maneno haya husikika mbele ya pampu karibu kila mara baiskeli mpya ya graveli, yaani ya njia za mawe na vumbi, yenye fremu ya chuma, inapotoka kwenye boksi hapa Goma. Ndiyo dhana inayoharibu matairi mengi kuliko nyingine zote, na inachosha kuisikia kwa sababu dawa yake haigharimu hata faranga moja.

Mtu hubonyeza tairi kwa kidole gumba, akikuta ni gumu huamini litakwenda kasi. Kwenye lami laini kama ubao anaweza kupata faida kidogo. Lakini tazama njia za Mabanga au za kupanda Munigi. Tairi gumu likikuta jiwe la sentimita mbili haliwezi kubonyea, kwa hiyo linainua baiskeli nzima pamoja na wewe uliye juu yake, kisha linakushusha. Unainuliwa hivyo mara mamia katika kilomita moja, na kila mara nguvu inatoka miguuni mwako. Mikono inakufa ganzi, gurudumu la nyuma linaruka na kukosa mshiko kwenye mlima. Tairi lenye upepo wa kiasi hulimeza jiwe: mpira ndio unaosogea, wewe unabaki ulipo.

Tena jiwe letu si changarawe ya mtoni. Lava ya volkano ya Nyiragongo, ile ya 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya Mei 2021 iliyokata barabara ya Rutshuru, zote zina matundu matundu, na zikipasuka huacha kingo kama za chupa iliyovunjika. Ngozi ya tairi iliyovutwa hadi mwisho hukatwa na kingo hizo kwa urahisi, kama kitambaa kilichokazwa mbele ya wembe. Ikiwa na nafasi ya kubonyea, mara nyingi kingo hiyo hupita bila kuingia.

Na ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha usalama. Haikuandikwa ili uifikie.

Kwa mtu wa kilo 70, tairi la milimita 40 lenye tyubu ndani, anza na bari (kipimo cha nguvu ya upepo) 2.4 mbele na 2.7 nyuma. Kila kilo 10 zinazozidi, ziwe za mwili au za mzigo, ongeza bari 0.2, na nyongeza ya mzigo wa nyuma iende kwenye tairi la nyuma. Endesha njia ileile unayoizoea, kisha punguza 0.1 kwa wakati mmoja. Siku utakayosikia rimu ikigonga jiwe, rudisha 0.2 na ubaki hapo. Tumia pampu yenye saa ya kupimia upepo, maana kidole gumba hakitofautishi bari 3 na bari 4. Pima kila wiki, kwa sababu tyubu huvuja taratibu hata bila kutoboka.

Tyubu ikitoboka, isome kabla ya kuiziba. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba yanasema rimu iliibana dhidi ya jiwe: upepo ulikuwa mdogo. Tundu moja au mkato mmoja ni jiwe au kioo, na huenda kipande bado kimo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani lote kabla ya kurudisha tyubu, kwa kuwa vidole vitakatika.

Usiende kwa kompresa ya pikipiki ukaachia mtu abonyeze tu. Tairi letu ni dogo, linajaa kwa sekunde chache na linaweza kupasuka. Kama vali ni ile nyembamba, legeza kwanza kinati cha juu, kiguse kidogo kitoe upepo, ndipo uweke pampu. Kijifuniko cha shaba cha kubadilisha vali hiyo ikubali pampu ya kawaida ni kidogo kuliko ukucha. Kifungie chini ya kiti, siku moja kitakuokoa.

Mengine nitayapitia haraka.

Chuma ni kizito? Tofauti ya fremu nzuri ya chuma na ya alumini mara nyingi haifiki kilo moja, sawa na chupa ya lita moja ya maji. Kutu ndilo jambo la kweli, lakini huanzia ndani. Kila miezi sita chomoa nguzo ya kiti, geuza baiskeli maji yatoke, pangusa, paka grisi, rudisha. Ukiiacha mwaka mzima na mvua za hapa, nguzo inaweza kushika isitoke tena.

Kiti kishuke ili nyayo zote zifike chini? Hapana, na magoti yatakulipiza. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Maumivu mbele ya goti kwa kawaida ni kiti kilicho chini mno, nyuma ya goti ni kilicho juu mno.

Mafuta machafu ya vidanji, yale yaliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwenye mnyororo? Tafadhali, hapana. Vumbi la lava likichanganyika nayo linakuwa msasa wa majimaji. Tone moja kwa kila kiungo, subiri, kisha pangusa nje mpaka kitambaa kitoke kikavu. Pima pini 25 mfululizo, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho: mnyororo mpya ni milimita 304.8. Ukifika 307, badilisha kabla haujala meno ya gia. Kwa baiskeli yenye gia 11 au 12 nyuma usingoje kupita 306.3.

Baiskeli mpya haiguswi? Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza boliti, angalia spoki, rekebisha waya za gia, maana maganda yanayozifunika yamekaa sawa sasa.

Fedha ya kuboresha iende kwanza kwenye matairi mapana zaidi, kama fremu inaacha angalau milimita 4 kila upande, kisha pedi za breki, kisha kaseti (rundo la gia za gurudumu la nyuma) yenye meno mengi kwa milima. Kabla ya kulipia hiyo kaseti, tafuta kikomo cha mkono wa nyuma wa gia, ule unaohamisha mnyororo: ulioandaliwa kwa meno 36 utagusa kaseti ya 42 kila unapoingia gia nyepesi.